Mdogo wangu (HKL) kashikilia Saikolojia. Tuko Mwanza. Kozi hii inampeleka kwenye kazi gani hasa?

Mwana_Igogo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, HKL. Kiswahili B, Historia C, Kingereza D. Hesabu ya kidato cha nne ana F. Hataki kusikia kitu kingine zaidi ya Saikolojia, anasema anataka kutibu watu wenye msongo. Mzee anasema hiyo ni kozi ya kukaa nyumbani na cheti, bora ualimu. Naomba kujua: sifa anazo? Akimaliza anafanya kazi gani, hasa huku Kanda ya Ziwa? Na bila Bodi ya Mikopo hatuwezi. Wenye uelewa naombeni msaada, utani baadaye.

Sangara_Mkavu

Alama zinatosha kuingia chuo kikuu. Kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya kidato cha sita aliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. Yeye masomo mawili ya juu yanampa 7. Ila hicho ni kigezo cha jumla. Kila kozi ina mstari wake kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, na humo ndimo watu wanapoangukia: kozi inataja masomo fulani kwa majina, au inataka ufaulu wa Hesabu kidato cha nne, mwombaji hajasoma, anatupa chaguo. Fungua mwongozo wa mwaka huu, siyo PDF ya mwaka juzi inayozunguka WhatsApp.

Dawati_la_Kirumba

Sangara kamaliza la sifa. La kazi ndilo refu, kaa vizuri.

Usisome neno "Saikolojia" peke yake. Soma neno lililo mbele yake. Shahada ya Elimu katika Saikolojia, mfano ile ya UDSM, ni shahada ya ualimu. Mwanafunzi anasoma saikolojia pamoja na mambo ya ufundishaji, na anaenda mazoezi ya kufundisha. Shahada ya Sanaa katika Saikolojia haina ualimu ndani yake. Kuna pia za Unasihi, ambazo zimeegemea kuongea na mtu mmoja mmoja au kikundi. Zote tatu mtaani zinaitwa "kasoma saikolojia", lakini siku ya kuomba kazi zinaachana vibaya.

Kwa nini? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja fani kwa majina. Anayechuja hakisii kwamba fani yako "inafanana". Kwa hiyo fanyeni hivi kabla ya kuchagua kozi: tafuteni matangazo ya zamani kama kumi, ya Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Maendeleo ya Jamii, mwalimu, na mshauri wa wanafunzi vyuoni. Yako mtandaoni. Chukua kalamu, andika majina ya shahada zilizotajwa kwenye kila moja. Kozi inayojirudia mara nyingi ndiyo yenye milango. Zoezi la jioni moja tu, na litamsaidia Mzee wako kuliko maneno yetu hapa.

Mzee naye ana hoja zaidi ya mnavyodhani. Mtu mwenye Shahada ya Elimu katika Saikolojia ana saikolojia yake na ana ualimu wake. Ugomvi wenu unaweza kuwa umekwisha bila nyie kujua.

Mwana_Igogo

Asante sana mkuu, hilo la neno la mbele hatukulijua kabisa. Sasa na hilo la "kutibu"? Ndilo analolitaka yeye.

Nesi_wa_Pasiansi

Hapo mwambie ukweli mapema: shahada ya kwanza haimfanyi mtu kuwa mtabibu.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza: udaktari miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kazini, halafu uzamili wa fani yenyewe miaka 3. Huyo ndiye anayeandika dawa. Njia hiyo inataka PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), kwa hiyo kwa HKL imefungwa, msipoteze ada ya maombi huko.

Mwanasaikolojia tiba anatibu kwa mazungumzo na vipimo, haandiki dawa. Anafika huko kwa uzamili. MUHAS wanayo ya Saikolojia Tiba. Uzamili kwa kawaida unataka GPA (wastani wa alama za chuo, juu kabisa ni 5) ya 2.7 kwenda juu, na ushindani huanza juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mdogo wako mwaka wa kwanza asichezee. GPA ya mwaka wa kwanza ikianguka kwenye 2.4, miaka miwili iliyobaki inakuwa ya kufukuzia badala ya kupanda.

Mnasihi anaweza kuanza na shahada ya kwanza: kliniki za VVU, shule, vituo vya watoto, nyumba za kurekebisha tabia waraibu. Lakini chini ya msimamizi. Akikutana na mtu anayesikia sauti au aliyeacha kula kabisa, kazi yake ni kumpeleka hospitali. Kumshikilia hapo wiki sita kwa maneno mazuri ni kumchelewesha.

Dagaa_wa_Kayenze

Kwamba mtu asome miaka 3 ili aambie watu "usiwe na mawazo"? Bibi yangu anafanya hiyo bure.

Nesi_wa_Pasiansi

@Dagaa_wa_Kayenze umetania lakini umegusa penyewe. Chukua kipimo kinachotumika sana cha sonona, PHQ-9. Maswali 9, kila moja pointi 0 mpaka 3, jumla 0 mpaka 27, yote yanahusu wiki 2 zilizopita. Kuanzia 10 unaanza kuchukulia kwa uzito, 15 zaidi, 20 ni kali. Karatasi moja, dakika tano, mtu yeyote anaweza kuisoma kwa sauti. Shida iko wapi?

Swali la kwanza linahusu kukosa hamu ya kufanya mambo. Sema "hamu" kwa mama anayeanika dagaa, anaweza kuelewa hamu ya chakula, au ya tendo la ndoa, akajibu hilo. Unaandika 0, umekosea. Inabidi ulizie kwa mambo ya siku yake: bado unafurahia kwenda kanisani, kukaa na wenzako jioni? Halafu mtu akisema "nina mawazo", hiyo siyo lazima sonona. Inaweza kuwa ada ya mtoto. Na kuna anayelalamika moyo kwenda mbio na kichwa kuwaka moto, kapimwa malaria mara tatu, haina kitu, hakuna aliyemuuliza anavyolala.

Swali la 9 ni la mawazo ya kujidhuru. Hilo halisubiri jumla. Akijibu chochote zaidi ya 0, hata kama jumla ni 6, unaulizia siku hiyohiyo, palepale: umepanga namna? una kifaa? unaishi na nani? Wanafunzi wengi hujumlisha, wakaona 6, wakasema "yuko vizuri", wakamruhusu aende. Bibi hajafundishwa hilo, na siyo kosa lake.

Dagaa_wa_Kayenze

Sawa Nesi, nimenyamaza. 😂

Takwimu_za_Malimbe

Mimi nijibu kuhusu ile F ya Hesabu, maana hakuna aliyeigusa. Saikolojia ina takwimu, tena siyo ya kupita tu. Kozi mbili hivi pamoja na utafiti wa mwaka wa tatu. Sapu (mitihani ya kurudia) nyingi ziko hapo.

Habari njema ni kwamba siyo hesabu za kidato cha nne. Hakuna logi wala pembetatu. Ni wastani, mtawanyiko, uhusiano wa vitu viwili, na kulinganisha makundi. Mfano, vipimo vya akili vimepangwa wastani uwe 100 na mkengeuko wa kawaida, yaani kiasi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani, 15. Maana yake karibu watu 68 kwa 100 wako kati ya 85 na 115. Akiweza kueleza kwa nini mtu wa 112 siyo "kipanga", kashaelewa nusu ya kozi. Hesabu yenyewe inafanywa na SPSS, programu ya takwimu ya kompyuta.

Kinachoangusha watu ni kuchagua kipimo kisichofaa. Unalinganisha alama za wanafunzi wa bweni na wa kutwa: makundi mawili, alama ni namba, hapo ni jaribio la t, la kulinganisha wastani wa makundi mawili. Unalinganisha bweni na kutwa kwa "alifaulu au alifeli": hakuna wastani hapo, ni jaribio la kai-mraba, la kulinganisha idadi. Nusu ya darasa hubonyeza chochote kinachotoa jibu, na SPSS haikatai, inakupa jibu la uongo kwa adabu kabisa. Kabla chuo hakijafunguliwa ana wiki kadhaa. Aanze na wastani na mkengeuko kwa mkono, data ya watu kumi, daftari la mistari linatosha.

Akizipenda, hapo ndipo pana kazi ambazo Mzee hazioni. Taasisi za utafiti za NIMR Mwanza na MITU wanafanya tafiti za afya hapahapa mjini, na tafiti zinahitaji wadodosaji na wasimamizi wa data wanaojua kumuuliza mtu swali bila kumwekea jibu mdomoni. Ni mikataba ya miezi, siyo ajira ya kudumu, ila inajenga wasifu.

Dawati_la_Kirumba

Kuongezea, fildi (mafunzo kwa vitendo) ndiyo inayoamua. Kwa Mwanza ombeni ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji au ya Ilemela, hospitali za Bugando au Sekou-Toure, au kituo cha watoto. Barua ya chuo ifike miezi miwili kabla. Ukipeleka wiki ya mwisho unawekwa masjala unapanga mafaili, unarudi na daftari la fildi lililojaa "nilipokea wageni". Siku ya kwanza amwombe msimamizi mambo mawili: kukaa kwenye mahojiano akisikiliza tu, na kusaini daftari kila Ijumaa. Saini nane za siku moja, zote wino mmoja, mkaguzi wa chuo anaziona.

Na asiandike majina ya wateja kwenye daftari. Herufi na umri tu. Mji huu mdogo, mteja wa asubuhi unapanda naye daladala ya Buhongwa jioni.

Mwana_Igogo

Nimesoma yote kwa Mzee, kasema "hiyo ya Elimu ndiyo waangalie". 😀 Mkopo je?

Sangara_Mkavu

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa vizazi na vifo) sasa hivi, na kama mzazi mmoja kafariki, cheti cha kifo pia. Hilo ndilo linalochelewesha wengi, dirisha la HESLB (Bodi ya Mikopo) linafungwa cheti bado kiko kwenye uhakiki. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa yafanane na ya kidato cha nne, herufi kwa herufi. "Nyanjige" na "Nyanjigwe" kwenye mfumo ni watu wawili. Ajue pia akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe.

Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja kwa namba ya siri atakayotumiwa kwenye simu. Laini aliyojazia fomu asiitupe wala asimpe mtu.

Mwana_Igogo

Kwenye cheti ameandikwa "Ester", cha kidato cha nne "Esther". Kesho asubuhi tuko RITA.