ECG, eko, tredmili ama saa janja: nianze na kipi?

MwanaLikoni (Jumatatu, 20:14)
Salaam wadau. Nataka kupima moyo kabla mwezi haujaisha. Nimeulizia mjini, kila mtu ana lake: huyu ECG, huyu eko, mwengine tredmili. Kijana wa duka la simu naye ataka kuniuzia saa, ati "itakupimia kila kitu". Sitaki mambo ya kuingizwa mirija mshipani, sindano yenyewe naikimbia. Bajeti elfu kumi na tano. Kipi bora?

BintiTudor (20:31)
Bora kwa nini? Una miaka mingapi? Una presha, una sukari, wavuta? Kwenu kuna mtu aliyeanguka ghafla? Nani kakwambia upime? Yakhe, waingia sokoni kuuliza bei ya samaki na husemi wataka nguru ama changu.

MbioZaAlfajiri (20:40)
Nunua saa. Mimi nakimbia barabara ya Mama Ngina kila alfajiri na mwaka mmoja tu mapigo yangu nikiwa nimepumzika yameshuka kutoka 74 hadi 56. Na hata bila saa, kuna jaribio la Cooper: kimbia dakika 12 uwezavyo, kisha pima umbali. Daktari wa jeshi la anga la Marekani alilitoa 1968 na hadi leo makocha wanalitumia. Gharama yake ni jozi ya viatu.

FundiMashine (21:05)
Kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine, nisemeze kidogo. Havishindani hivi vitu, kila kimoja chajibu swali lake.

ECG yarekodi umeme wa moyo. Vibandiko kumi, picha kumi na mbili, sekunde kama kumi na imeisha. Moyo ukitulia katika sekunde hizo kumi, karatasi itakuja safi hata kama mishipa ina mafuta. Eko ni ultrasaundi, ile ile ya mama wajawazito: utaona vali zikifunguka, kuta zikikaza, na damu kiasi gani yasukumwa kila pigo. Tredmili ni ECG pia, ila moyo uko kazini. Kama mapigo yaruka mara moja kwa siku, hata hivyo vyote vyaweza kukosa. Utavalishwa Holta, yaani ECG ndogo ya kutembea nayo, saa 24 ama 48 ulale nayo.

Saa ina taa ya kijani chini. Damu hufyonza kijani, kwa hiyo damu ikijaa kifundoni mwanga unaorudi hupungua, saa yahesabu. Yajua mapigo. Zile zenye ECG zina picha moja badala ya kumi na mbili, zaweza kushika mapigo yasiyo na mpangilio, lakini shambulio la moyo haziwezi kulitambua. Watengenezaji wenyewe wameandika hivyo.

KahawaChungu (21:22)
Msinitajie ECG. Nilikwenda kliniki moja, jina naliacha, kupimwa kwa ajili ya karatasi za kazi ya meli. Kijana akanibandika vile vidude huku yuko kwenye simu. Karatasi ikatoka, akaitazama, akaiinamisha, akamwita mwenzake. Mwenzake akaniuliza, "Mzee, umewahi kuambiwa moyo wako uko upande wa kulia?"

Upande wa kulia! Miaka 52 naapa huku nimeweka mkono kushoto.

Nikarudi nyumbani Mji wa Kale kama maiti. Mama akaanza kuhesabu ndugu wa ukoo wetu waliokuwa na mambo ya ajabu. Shangazi akaleta maji ya kusomea. Mke wangu ndiye aliyeweka sikio kifuani usiku akasema, "Mbona waupiga huku huku siku zote?" Wiki mbili sikulala upande wowote. Kazi ile ikachukuliwa na mtu mwengine. Mwishowe nikaenda kwengine, mama mmoja mtu mzima akaniweka vibandiko polepole, akacheka. Moyo uko mahali pake.

FundiMashine (21:30)
Waya za mikono zilibadilishana, ya kulia ikaenda kushoto. Picha ya kwanza hugeuka miguu juu. Lakini moyo ulio kulia kikweli ungejionyesha pia kwenye vibandiko vya kifuani, na vyako bila shaka vilikuwa sawa. Angetazama karatasi yote asingekutia homa.

KahawaChungu (21:33)
Sasa waniambia leo.

MamaWawili (21:50)
Mimi napigia kura eko. Haiumi, ni jeli baridi tu na kulalia ubavu wa kushoto. Lakini ulizeni maana ya namba kabla hamjatoka chumbani! Mume wangu alipewa "asilimia 60" akaja nyumbani analia, eti moyo umebaki nusu na kidogo. Kumbe moyo mzima hausukumi damu yote kwa pigo moja. Kati ya 55 na 70 ni sawa kabisa. Alishaanza kuniambia deni la duka alilipe nani.

MbioZaAlfajiri (21:58)
Hahaha. Shuleni 60 ingekuwa ni kupita tu.

BintiTudor (22:10)
Mie miaka 31 ya unesi, na chombo ninachokiamini zaidi ni kile cha presha. Kimoja cha mkono wa juu, si cha kifundo. Watu wengi wapima vibaya: mkanda mdogo kwa mkono mnene huongeza presha ya uongo, miguu imekunjwa, mkono waning'inia, na wameshuka matatu sasa hivi. Keti dakika tano, egemea, mkono usawa wa moyo, usiongee. Na nusu saa kabla usinywe kahawa.

KahawaChungu (22:14)
Nilijua tutafika kwenye kahawa.

BintiTudor (22:15)
Nusu saa tu, baba. Sikusema uache.

KahawaChungu (22:19)
Kahawa ya tangawizi yafungua kifua. Wazee wetu pale barazani walikunywa vikombe sita na walifika tisini.

MamaWawili (22:21)
Na waliokufa hamsini hawapo kutuhadithia.

MwanaLikoni (Jumanne, 06:48)
Samahani, nililala. Nina miaka 49. Presha sijapima tangu mwaka juzi. Sivuti, ila shisha Ijumaa na wenzangu.

Kilichoniingiza hofu: nikishuka feri asubuhi, nikipanda ule mwinuko na watu wanasukuma, kifua chabana kama nimefungwa leso. Nikisimama pembeni chaachia. Wiki tatu sasa. Nilidhani ni gesi.

MbioZaAlfajiri (06:55)
Shisha ilipigwa marufuku 2017 😂

BintiTudor (07:02)
Acha mzaha. Na lile jaribio lako la dakika 12 lifute, huyu asikimbie popote.

MwanaLikoni, mwanangu, hilo ndilo ungeandika jana mstari wa kwanza. Kifua kinachobana ukipanda na kuachia ukisimama si swali la kununua kipimo. Muone daktari leo, yeye ndiye atakayechagua. Na kikibana umekaa tu, ama kikatae kuachia, ama jasho baridi litoke, nenda chumba cha dharura wakati huo huo, usipande feri peke yako.

MbioZaAlfajiri (07:06)
Nimefuta. Sikujua, ndugu yangu.

FundiMashine (07:40)
Nikubaliane na dada. Huenda akaanza na ECG na presha, halafu ndipo wazungumze tredmili. Usiogope tredmili, yaanza pole: kilomita 2.7 kwa saa, lakini kwa mwinuko, na kila dakika tatu wanaongeza mwendo na mlima. Kwa miaka 49 kipimo cha kawaida ni kufikisha mapigo kama 145. Yaani ni mwinuko wako wa feri, ila kuna mtu amesimama karibu na waya zimekushika. Ndiyo maana haifanyiwi kila mtu wala mahali popote. Nayo hukosea pia: wengine huonekana wagonjwa na si wagonjwa, wengine hupita na shida ipo.

KahawaChungu (07:52)
Basi kuna haja gani?

MamaWawili (08:03)
SHA, hii bima ya afya ya serikali, wanalipa hii lakini? Tangu wachukue nafasi ya NHIF mimi sielewi chochote.

KahawaChungu (08:05)
Usianze. Ule uzi wa SHA uko kurasa 40 na hatujamaliza.

MwanaLikoni (12:30)
Nimeomba ruhusa kazini, nakwenda saa nane. Saa ya yule kijana nimeiacha, ingawa amenishushia bei mara mbili.

Swali moja, msinicheke. Vile vibandiko vya ECG... mimi nina nywele nyingi kifuani. Wananyoa?

BintiTudor (12:34)
Pale vinapokaa tu, visishike vibaya. Usijinyoe mwenyewe na wembe wa ndevu.

KahawaChungu (12:36)
Na waangalie hao watu mikono yao. Kulia ni kulia.