Folda ya Apache ifunguke kwa paswedi za akaunti za seva, njia salama ni ipi?

mlinzi_wa_seva: Habari zenu wakuu. Nina seva ya ofisini, Ubuntu na Apache 2.4 (programu inayotoa kurasa za wavuti), watu 12 wote wana akaunti zao humo wanaingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kwa amri. Sasa kuna folda ya ripoti nataka ifunguke kwenye brauza kwa jina na paswedi zilezile, maana nikitumia faili la htpasswd (orodha ya paswedi ya Apache yenyewe) kila mtu anabeba paswedi mbili na akiacha kazi inabidi nimfute sehemu mbili, kuna mmoja nilimsahau akaendelea kusoma ripoti wiki nzima. Nimeielekeza Apache isome /etc/shadow, faili la paswedi za akaunti za seva, imegoma, kuna mtu kaniambia nipige chmod 644 ili kila mtumiaji aweze kulisoma. Nipige?

kisanduku: Usipige kabisa mkuu! Lile faili limefungwa makusudi, hata kumwingiza www-data (akaunti inayoendesha Apache) kwenye grupu la shadow usifanye, siku skripti moja ya PHP ikiwa na tundu basi paswedi zilizofumbwa za watu wote zimeondoka na mwizi ataenda kuzifumbua kwake taratibu. Tumia pwauth. Ni kaprogramu kadogo kenye ruhusa za root, Apache inakapa jina na paswedi, kenyewe kanaiuliza PAM (mfumo wa Linux unaokagua paswedi) kisha kanajibu ndiyo au hapana, basi.

`sudo apt install libapache2-mod-authnz-external pwauth`
`sudo a2enmod authnz_external ssl`

Kisha kwenye mipangilio ya saiti yako, ya poti 80 (http) na ya poti 443 (https) zote mbili:

```
DefineExternalAuth pwauth pipe /usr/sbin/pwauth
<Directory /var/www/html/ripoti>
  SSLRequireSSL
  AuthType Basic
  AuthName "Ripoti"
  AuthBasicProvider external
  AuthExternal pwauth
  Require valid-user
</Directory>
```

bi_terminal: Hapo kwenye SSLRequireSSL (inamkataa asiyekuja kwa https) pasirukwe jamani. Basic, njia hiyo ya kutuma paswedi, haifichi kitu, ni base64 tu (maandishi yaliyogeuzwa umbo, yeyote anayarudisha), aliyekaa kwenye wifi yenu anaisoma palepale, na brauza inairudia kila unapofungua ukurasa. Hiyo ndiyo paswedi ya SSH, kwa wengine ni ya sudo (ruhusa za msimamizi) pia! Mimi valid-user (kila mwenye akaunti) ningeitoa, ningeandika `Require user` na majina ya wanaohitaji ripoti tu, wenye sudo wabaki nje. Halafu washa fail2ban (inafungia anwani zinazokosea paswedi mara kwa mara), jela yake ya apache-auth, Apache yenyewe haimzuii mtu kubahatisha paswedi hata mara elfu.

mlinzi_wa_seva: Imekubali, asanteni sana! Anayekuja kwa http anapigwa 403 (umekatazwa) kabla hata hajaulizwa paswedi. Sasa mtu akiacha kazi `usermod -L` inatosha?

bi_terminal: Haitoshi ndugu yangu, hiyo inafunga paswedi tu, folda atakataliwa ndiyo lakini kama aliweka ufunguo wa SSH, usiohitaji paswedi, anaingia kama kawaida. Piga `sudo chage -E 1 jina`, akaunti nzima inahesabika imeisha muda, na ujaribu mwenyewe milango yote miwili kabla hujamwambia bosi kwamba ametolewa.