Amejifutia mafuta ya sato kwenye ripoti yangu ya diski!

#1 Mtu wa Kirumba

Wakuu, sina hata nguvu ya kusalimia. Kikao kimeisha sasa hivi, nimekaa kwenye ngazi za jengo mikono inatetemeka. Nikikosea herufi mnisamehe.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji. Yule anayekuja na ndege ya asubuhi kutoka Dar na kuondoka na ya jioni, shati limepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyanya, na hapo katikati anakula sato wa ofisi na kutufundisha kazi tunayoifanya usiku na mchana. Hakuna ofisi ya kompyuta Kanda ya Ziwa ambayo hajapita, kwa hiyo msijifanye hamumjui.

Leo kajifutia mafuta ya sato kwenye ripoti yangu. Ripoti. Yangu. Kurasa sita, nimezikeshea siku tatu. Kachukua ukurasa wa tatu, ule wenye jedwali, akaanza na kidole gumba, akaja cha shahada, akaenda hivyo mpaka cha mwisho, kimojakimoja, kama mtu anayehesabu hela za ushirika. Na tishu zilikuwepo! Boksi zima liko mbele ya pua yake!

Kwa wasiojua kazi yetu: tuko wanne, tunamhudumia mteja wa nje, mashine zake ni meinfremu, yale makompyuta makubwa ya mashirika, ziko hukohuko kwao, sisi tunaziangalia kutoka hapa Mwanza saa ambazo wenzetu mmelala. Wiki ya pili sasa bechi ya usiku, ule mkupuo wa kazi zinazojiendesha zenyewe, inachelewa kuisha. Mabosi wakamleta yeye atoe ushauri. Ushauri wenyewe maneno matatu: diski zimechoka, nunueni.

Diski hazijachoka! Ndicho kilichoandikwa kwenye ukurasa wa tatu! Volumu (diski kama mfumo unavyoiona) inayolalamikiwa inajibu kwa milisekunde 14, na kati ya hizo 11 ni IOSQ. Kumi na moja! Maana yake ombi halijatoka hata ndani ya z/OS, mfumo endeshi wenyewe, limepanga foleni kwenye UCB likisubiri la mbele yake lirudi. Boksi la diski halina hata habari kwamba kuna mtu anaitaka data. PEND, yaani kusubiri njia, ni 0.2; DISC, boksi kuitafuta data, 0.3; CONN, kuisafirisha, 2.5. Diski mpya ingegusa hiyo DISC tu, na DISC ni 0.3 kwa sababu karibu kila kinachosomwa kinapatikana kwenye keshi. Sasa unanunua diski mpya ukapunguze nini, jamani? Hiyo 0.3?

Na chanzo nimekiandika. Mteja alihamisha data kutoka volumu ndogo za 3390-3 kwenda 3390-54. Kwa nafasi, ni silinda 3,339 kwa 65,520, yaani volumu 19 za zamani zinaingia kwenye moja na nafasi inabaki. Zile 19 kila moja ilikuwa na UCB yake. Hii mpya ina UCB moja, na UCB moja bila PAV inapitisha ombi moja tu kwa wakati. LCU, yaani kundi la anwani za diski ndani ya boksi, ina anwani 256, wao wameweka besi 160 na aliasi sifuri. Anwani 96 zimekaa bure! Nikashauri: wekeni aliasi, washeni HyperPAV, leseni mmeshailipia, hapa hakuna mtu anayetoa hata senti.

Yeye akajifutia hapohapo. Kwenye ile 11. Mafuta yakaingia, karatasi ikawa kama kioo, 11 inaonekana mpaka upande wa nyuma. Halafu akaikunja akawekea mwiba ndani. Mwiba! Kisha mbele ya mabosi akaniambia: "Kijana, meinfremu ina wenyewe. Wewe wa huku endelea na samaki."

Wakacheka. Nimefanya kazi hii miaka minane, wakacheka.

Samaki nimekula mimi au umekula wewe?

#2 Furu Mkavu

Nimewahi siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Jiwe Juu ya Jiwe

Pole sana mkuu. Huyo tunamjua. Kwetu alikuja akasema mtandao unasuasua kwa sababu ya upepo wa ziwa. Aliondoka na dagaa kilo nne kwenye bahasha yenye nembo ya ofisi.

#4 Nyegezi Stendi

Mleta uzi umeandika kama unakimbizwa na mbwa. UCB ndiyo nini? IOSQ ndiyo nini? Sisi wengine tumefuata sato kwenye kichwa cha habari.

#5 Mtu wa Kirumba

Nyegezi, umewahi kwenda Sengerema kabla ya daraja? Unafika Kigongo, kivuko kiko upande wa Busisi. Unakaa. Unakula mahindi ya kuchoma mawili, unakaa. Kuvuka kwenyewe ni muda mfupi, kilichokumaliza ni kule kukaa ufukweni. Sasa aje mtu na suti akwambie dawa ni kubadilisha injini ya kivuko. Kumbe tatizo, tuseme, kivuko ni kimoja na kinachukua gari moja! Huko ufukweni unakokaa ndiyo IOSQ.

UCB ni kama kidaftari ambacho mfumo unakiweka kwa kila diski. Kikiandikwa "ina kazi", mwingine asubiri. Na zamani ilikuwa haki kabisa. Diski ya 3390 ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa chuma cha kweli, chenye vichwa vya kusomea kwenye mkono, na mkono mmoja hauwezi kuwa sehemu mbili. Lakini leo hiyo 3390 ni sura tu. Data imetawanywa kwenye diski nyingi ndani ya boksi, mbele yake kuna keshi kubwa. Mkono haupo tena, kidaftari ndicho kimebaki. Ndiyo maana mwaka 1999 IBM wakaleta PAV pamoja na boksi lao la ESS, lile waliloliita Shark. Volumu moja inapewa anwani kadhaa: moja ni besi, nyingine aliasi, zote zinafika kwenye data ileile. Wawili wakitaka kuandika sehemu moja, boksi lenyewe linamsimamisha mmoja. Wengine wote wanapita.

Hayo yote nilikuwa nimeyachora. Kwa mkono, kwa kalamu ya rangi, pembeni ya lile jedwali. Kidole cha kati ndicho kilichofuta mchoro.

#6 Kokoro Haramu

Kidole cha kati 😂😂😂 nimepaliwa na chai.

#7 Bechi Saa Nane

Nimewahi kufanya kazi hizo nje kabla ya kurudi nyumbani. Mleta uzi uko sahihi kwenye chanzo, ila nakuuliza kama mtu wa kazi. Aliasi uliomba ngapi? Kama uliomba zote 96, siku wakitaka volumu mpya kwenye hiyo LCU wataziweka wapi? Pia kuziandika kwenye IODF, faili la orodha ya vifaa, kama 3390A haitoshi, ni lazima ziwe zimetengenezwa na ndani ya boksi, tena zilingane. Nimeona watu wamewasha HYPERPAV=YES kwenye mipangilio ya IECIOS wakaenda kulala wakijua kazi imeisha, asubuhi foleni iko palepale. Ukipiga amri ya DEVSERV QPAVS ndipo unaona ukweli.

Na vijana wajue, HyperPAV siyo PAV ya mwanzo. Mwanzoni aliasi ilifungwa kwa besi yake, jirani akizidiwa huwezi kumwazima. Ikaja ya WLM, msimamizi wa kazi ndani ya mfumo, kuzihamisha, lakini alikuwa anatafakari taratibu, mpaka aihamishe foleni imeshajiishia. HyperPAV ya 2006 ndiyo ilileta raha. Aliasi zinakaa kwenye kapu moja la LCU, ombi linachukua moja, likimaliza linairudisha hapohapo.

#8 Mtu wa Kirumba

UKURASA WA NNE! Yote hayo yako ukurasa wa nne! Niliomba 32, nikaacha 64 za akiba, nikaandika na upande wa boksi, nikaweka mpaka amri ya kuhakikisha baada ya kuwasha. Ukurasa wa nne uko msafi kabisa, hajaugusa, kwa sababu alipofika pale vidole vilikuwa vimeshakauka!

Asante Bechi. Wewe ndiye mtu wa kwanza kusoma hoja yangu tangu asubuhi.

#9 Mzee wa Wingu

Yaani mpaka leo kuna watu wanaongelea meinfremu? Hamieni kwenye wingu huko, muache kuteseka na vyuma vya babu.

#10 Mtu wa Kirumba

Mzee wa Wingu, ukoo huu umeanza na System/360 mwaka 1964, na programu zilizoandikwa wakati ule bado zinaendeshwa leo bila kuguswa. Wewe programu uliyoandika mwaka juzi inafunguka? Usinichokoze leo. Leo siyo siku.

#11 Jiwe Juu ya Jiwe

Mzee wa Wingu kachinjwa mchana kweupe.

#12 Mama Dagaa

Poleni wanangu, ila mnalilia karatasi. Njooni hapa Mwaloni muone wanavyotufanyia. Kuna mnunuzi mmoja, hata nisipomtaja mnamjua, yule wa buti za njano. Akipima dagaa wako anainua gunia kwa goti, akiuza yeye analikandamiza kwa kiwiko. Leo kanipunja mbele ya macho yangu, nikamwambia baba rudia kupima, akasema mizani imechoka.

#13 Kokoro Haramu

Mizani imechoka, diski zimechoka. Huyo wa buti za njano na yule wa ndege ni baba mmoja mama mmoja.

#14 Mtu wa Kirumba

Mama shikamoo. Pole sana. Lakini naomba turudi kwenye mada. Nina swali la kweli hapa: nipeleke ripoti moja kwa moja kwa mteja nikiruka mabosi, au nisubiri? Nakala ninayo kwenye laptopu. Ile iliyofutiwa vidole pia ninayo, nimeitoa kwenye ndoo ya taka, nimeitandaza hapa kwenye ngazi inakauka. Sitaitupa.

#15 Mama Dagaa

Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi usiiweke chini, paka watakuja.

#16 Mtoto wa Mabatini

Foleni ya dirisha moja msinikumbushe. Kuna hospitali moja, siitaji, madirisha ya malipo yako sita, anayefanya kazi dada mmoja. Mengine matano yana mapazia, na mapazia yamefuliwa vizuri. Nimekaa na mtoto ana homa kuanzia saa moja mpaka saa tano. Nikauliza hayo mengine vipi, nikaambiwa hayajaanza kutumika. Yamejengwa lini? Kimya.

#17 Bechi Saa Nane

Mtoto wa Mabatini, hayo matano ndiyo aliasi za mleta uzi. Zipo, zimelipiwa, hakuna aliyeziandikisha.

Mkuu Mtu wa Kirumba, usiruke mabosi leo ukiwa na hasira. Subiri bechi ya usiku wa leo. Chukua ripoti ya vipimo ya RMF ya vipindi vya dakika 15, weka IOSQ ya volumu hiyo pembeni ya saa ambayo kazi inakwama. Kisha omba LCU moja tu ya majaribio. IOSQ ikishuka karibu na sifuri, hakuna mtu atakayeongea habari ya diski mpya tena. Ila ukiona IOSQ imeshuka halafu PEND au CONN zimepanda, ujue foleni imehamia mbele, angalia njia za kwenda kwenye boksi.

#18 Mtu wa Kirumba

Nitafanya hivyo. Usiku wa leo. Nakuheshimu kaka.

Lakini kidole gumba chake hakitanitoka akilini. Alikibonyeza pale akakizungusha.

#19 Nyegezi Stendi

Sasa tumeelewana na kivuko. Swali langu liko palepale, huyo sato alikaangwa wapi? Maana mafuta ya kupenya karatasi mpaka namba zionekane upande wa pili, hayo siyo ya mama ntilie wa kawaida.

#20 Furu Mkavu

Hayo mafuta yamekaangia samaki tangu kabla daraja halijafunguliwa.

#21 Kokoro Haramu

Na sato mwenyewe mtakuta ni wa kwenye vizimba. Sato wa kufugwa ndiye anatoa mafuta hivyo. Wa ziwani ukimla huhitaji hata tishu.

#22 Mama Dagaa

Wewe Kokoro acha uongo. Mdogo wangu ana vizimba, samaki wake wasafi kuliko hao mnaovua kwa nyavu za macho madogo. Jina lako tu linakushtaki.

#23 Kokoro Haramu

Mama jina ni la utani, nauza vocha mimi. Na bei ya chakula cha samaki mmeiona? Mfuko umepanda tena, yule wakala wa pale Buzuruga, mnamjua, anasema dola.

#24 Mtoto wa Mabatini

Huyo wakala! Huyo ndiye aliyenirudishia chenji ya pipi. Ngojeni niwasimulie.