Tupeane uzoefu: tangi la samaki linanuka, uvundo uliusaka vipi hadi ukaupata?

Mzee wa Forest (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wetu sisi wenye matangi ya samaki sebuleni, hasa wa huku Nyanda za Juu Kusini, maana ushauri mwingi tunaosoma umeandikwa na watu wa pwani ambako hata maji ya bomba yana uvuguvugu.

Mtu akisema tangi lake linanuka, jibu analopewa haraka ni "mwaga maji yote uanze upya". Naomba hilo tuliweke pembeni kwanza. Tangi lililokaa vizuri halinuki. Ukifunua mfuniko unakutana na kaharufu ka udongo uliolowa, basi. Kikizidi hapo, ama kuna kitu kinaoza, ama kuna mahali hewa haifiki. Na maji mara nyingi siyo yanayonuka, yanasingiziwa tu.

Ninavyosaka mimi: nachota maji kwenye glasi isiyo na sabuni, natoka nayo hadi barazani, nanusa. Narudi, natoa sponji ya filta, natoka nayo nayo. Kisha mfuniko kwa upande wa ndani. Kisha mchanga: nanyonya kidogo kwa mpira kutoka kona ya nyuma, namwaga kwenye kisahani cheupe nikiangalie na rangi. Mwisho kabisa napiga magoti nanusa kabati. Natoka nje kwa sababu pua ikikaa sebuleni inazoea, ndiyo maana mgeni analalamika na wewe mwenye nyumba huoni tatizo. Mkishindwa muiteni mtoto wa jirani, yeye hana adabu ya kuficha.

Haya, harufu ilikuwaje, ilitoka wapi, mkafanyaje?

Ndizi za Tukuyu

Yangu ilikuwa mayai viza. Nina mchanga laini wa Matema, mweupe, unapendeza ajabu, na nilikuwa nimeumwaga kwa kina cha vidole vinne na zaidi ili mimea ishike. Ukichungulia kioo kwa pembeni unaona madoa meusi chini kabisa. Ukichoma kijiti pale, mapovu yanapanda, na hapo ndipo familia yote inahama sebule.

Hiyo gesi ni haidrojeni salfaidi. Mchanga laini ukilundikana, maji hayapenyi, oksijeni inaisha, wanabaki bakteria wanaoishi bila hewa na hao ndio wanaoitoa. Ni sumu kwa samaki, kwa hiyo msije mkavuruga mchanga wote kwa mkupuo. Mimi nilinyonya eneo dogo dogo, wiki hii kona hii, wiki ijayo kona ile, na pampu ya hewa nimeifungulia hadi mwisho. Sasa nimeacha sentimita 3 hivi, isipokuwa kwenye mashina ya mimea, maana mizizi yenyewe inaingiza oksijeni mchangani. Nikaongeza na wale konokono wembamba wenye gamba refu wanaojichimbia mchangani. Wanazaliana bila mpango, lakini kazi wanaifanya.

Kijana wa Uyole

Shikamooni. Mzee mimi namwaga yote, naosha mchanga na sponji kwenye bomba hadi vinang'aa, narudisha. Harufu inaisha siku hiyo hiyo. Kwa nini tujipe kazi ya kunusa vitu kimoja kimoja?

Mzee wa Forest (Mbeya)

Marahaba kijana. Inaisha, halafu siku chache mbele maji yanakuwa na ukungu mweupe, samaki wanapumulia juu juu, na shombo inarudi kali kuliko mwanzo. Nimedanganya?

Kwenye ile sponji unayoing'arisha ndiko wanakoishi bakteria wanaokufanyia usafi. Kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia. Kundi moja la bakteria linaibadili kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaibadili hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia hadi siku ya kubadili maji. Klorini iliyotiwa kwenye maji ya bomba ili iue vijidudu inawaua na hao. Kuwajenga upya huchukua wiki 4 hadi 6, na kwenye baridi yetu huzidi. Kamulia sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Maji badilisha robo, na hayo mapya yakeshe kwenye ndoo wazi ili klorini itoke.

Kijana wa Uyole

Ukungu mweupe ni kweli. Endeleeni, nasoma.

Mama Wawili, Kihesa

Kamwene! Kwangu haikuwa mayai viza, ilikuwa shombo, ile ya ndoo ya muuza samaki jioni. Watoto walikuwa wanalisha, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja akiamini mwenzake hajalisha. Chakula chenyewe ni usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) tunaousaga wenyewe. Usipa una mafuta mengi. Unga wake ukizidi, nusu unazama nyuma ya mawe na nusu unatanda juu ya maji. Ule utando wa juu nao una harufu yake, na unaziba hewa isiingie.

Nikahamisha kopo la chakula juu ya kabati la vyombo. Kipimo ni kile samaki wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki hawali kabisa. Utando niliuondoa kwa karatasi ya tishu, unailaza juu ya maji unaivuta taratibu, kisha kijiwe cha hewa, kile cha kutoa mapovu ya pampu, kikae palepale pawe panachezacheza.

Na mkiwa na konokono wakubwa wahesabuni. Konokono mmoja aliyekufa ananuka kuliko samaki watano. Kama hatembei, mtoe umnuse. Hutauliza mara mbili.

Baridi ya Njombe

Mama Wawili umenigusa kwenye kulisha. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka mpaka nyuzi chache tu juu ya sifuri, na chumba kisicho na moto asubuhi maji ya tangi yanasoma 15 au 16. Samaki wa nchi za joto, wanaotaka 24 hadi 27, hapo wanakaa chini hawafungui mdomo. Wewe unaendelea kulisha kipimo kile kile cha mwezi wa kumi na mbili. Chakula kinalala, bakteria nao wamepoa kazi haiendi, na sebule inaanza kunuka polepole.

Ama utie hita, ama ufuge samaki wanaovumilia baridi. Wale wa dhahabu wanaivumilia vizuri, lakini wanachafua sana, tangi dogo haliwatoshi. Na unapobadili maji asubuhi ya baridi usimimine ya bomba moja kwa moja, changanya na ya birika hadi mkono usione tofauti.

Mwalimu wa Gangilonga

Niongezee hapo kwenye hita, kuna jambo watu wa milimani tunalisahau. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo na oksijeni inayoyeyuka majini inapungua kwa kiasi hicho. Maji ya baridi yanafidia kidogo kwa sababu yanashika oksijeni zaidi. Ukitia hita ukayafikisha 26, ile fidia imeondoka. Tangi lenye joto huku juu lina oksijeni pungufu kuliko la Dar lenye joto lilelile, na oksijeni ikipungua uozo unakaribia. Ukinunua hita, nunua na pampu ya hewa siku hiyo hiyo.

Wenye mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, muwe makini zaidi. Wanataka maji magumu (yenye madini mengi), pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya 7.7 hadi 8.6, na wengi tunaweka mawe ya chokaa kuipandisha. Sasa pH ikipanda kutoka 7 kwenda 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali inaongezeka karibu mara kumi. Shombo ambayo kwenye tangi la samaki wa kawaida kama guppy ni kero, kwa mbuna ni msiba.

Fundi wa Mwanjelwa

Mimi natengeneza matangi ya vioo, naitwa sana kwa mambo haya. Nusu ya ninakoitwa, tangi halina kosa. Mteja mmoja alikuwa ameshatoa mchanga na mimea, bado sebule inanuka. Nikatoa droo ya chini ya kabati: ubao wa MDF (ule wa nyuzi za mbao zilizobanwa) umevimba, ukikandamiza kwa kidole gumba unatoa maji, na ukungu wa kijivu nyuma yake. Maji yalikuwa yanatambaa kwenye waya wa pampu tone moja moja yanaingilia kwenye tundu la nyuma. Waya ule unatakiwa ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, maji yadondoke pale kwenye kunja, la sivyo yatafika na kwenye umeme. Nilibadili ubao, nikaweka wa mbao yenyewe iliyopakwa vanishi.

La pili ni umeme. Wenye filta za nje zenye kopo lililofungwa: umeme ukikatika saa nyingi, mle ndani bakteria wanamaliza oksijeni wanaanza kufa. Umeme ukirudi, pampu inatapika yale maji yote ndani ya tangi. Fungua kopo, mwaga, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Mwenye sponji ya kawaida ndani ya tangi ana nafuu.

Ndizi za Tukuyu

Fundi, kaboni je, ule mkaa maalumu wa filta? Dukani wananiambia ndiyo dawa ya harufu.

Fundi wa Mwanjelwa

Inafyonza, ndiyo, wiki kadhaa halafu imejaa. Chanzo kikiwepo umenunua muda tu. Na isiwe mkaa wa jikoni, nimeukuta kwa watu wawili.

Mlingoti Mafinga

Kwangu lilikuwa gogo. Nililikata mwenyewe, bichi, kwa sababu huku miti ndiyo tuliyonayo. Msifanye. Mlingoti (mkaratusi) una mafuta, msindano (paini) una utomvu. Gogo liwe gumu, lililokauka kabisa, lichemshwe kwenye sufuria mpaka maji yaache kubadilika rangi. Ukibonyeza likabonyea, na chini yake kuna ute mweupe wenye harufu, ni kuni hilo.

Mama Wawili, Kihesa

Na ule utelezi wa kijani kibichi unaofunika mchanga kama shuka? Dada yangu anao, unanuka kinamasi.

Mwalimu wa Gangilonga

Huo si mwani wa kawaida dada, ni bakteria wanaotumia mwanga. Anyonye wote anaoweza, azime taa na kufunika tangi kwa blanketi siku 3 pampu ikiendelea, kisha abadili theluthi ya maji. Na asiliweke tena jirani na dirisha la jua.

Kijana wa Uyole

Mzee nimenusa. Maji hayana kitu, mchanga hauna kitu. Ni sponji. Nimeikamulia kwenye ndoo ya maji ya tangi, limetoka tope jeusi hata mkono unanuka, ila sijaigusisha bomba. Sasa hii ndoo naimwaga wapi? Mama hataki kuiona uani.

Mama Wawili, Kihesa

Kwenye chainizi, mwanangu, au kwenye migomba. Ndiyo mbolea yenyewe hiyo. Kama ulikuwa umetia chumvi au dawa ya samaki, hapo usimwagilie mboga, imwage chooni.