Kwilti iko nyumbani, mimi niko safarini, mnafanyaje?

MamaViraka:
Habarini wadau wa sindano. Naombeni msaada, kazi yangu siku hizi inanitoa nyumbani kila mara, wiki huku wiki kule, na nina kwilti ya kitanda (lile tandiko la viraka vilivyoungwa) nimeshakata vitambaa vyake vyote ila nashona kwa cherehani na cherehani haibebeki. Nikirudi napoteza muda mwingi kujikumbusha nilifika wapi, kipi kinaungana na kipi, afu nikianza tu kuchangamka begi hilo nafunga tena. Inaniuma sana maana ni ya binti yangu, anaolewa, na nataka aipate ikiwa imeisha. Nyie mnaosafiri mnabeba nini? Kuna sehemu ya hii kazi naweza kuisogeza jioni bila mashine?

uzi_na_sindano:
Hongera kwa binti, dada. Mi nakushauri hiyo ya mashine iache ipumzike, safarini uwe na kazi nyingine kabisa ya mkono, na inayonifaa kuliko zote ni vipande vya pembe sita vya kushonea kwenye karatasi. Unakata karatasi za pembe sita, kila upande inchi 1, kitambaa unakikata kikubwa kuliko karatasi kwa robo inchi kuzunguka pande zote, unakunja kingo kwa nyuma na kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, ishike. Ukishakuwa navyo vingi unaviweka viwili uso kwa uso unashona ukingoni kwa mishono midogomidogo, sindano ichukue nyuzi za juu tu za mkunjo isiingie kwenye karatasi. Ua moja ni vipande 7, kimoja kati na sita kukizunguka, ukitaka duara linalofuata ongeza 12. Karatasi ya kipande unaitoa kikishazungukwa pande zote, sio kabla, maana ndo inayokishikia umbo. Vyote vinaingia kwenye kiboksi cha miwani, hata kwenye foleni unatoa unashona.

FundiMkono:
Hapo napingana kidogo na mwenzangu. Pembe sita ni nzuri ila mama ameuliza kwilti ya binti yake, akianza nyingine atakuwa na mbili ambazo hazijaisha. Dada, viraka vyako ulivyovikata vinashoneka kwa mkono vizuri tu, watu walishona hivyo kabla cherehani haijakuwepo. Kabla hujaondoka chora kwa penseli mstari wa mshono upande wa nyuma, robo inchi toka ukingoni, kila kipande. Ukiwa huko unapiga pini kwenye pembe mbili mistari ikutane, unaanza na mshono wa kurudi nyuma, unaenda mishono mifupi iliyonyooka, kila baada ya kidogo unarudi nyuma mara moja ili isifumuke. Anza na uishie palepale mistari inapokutana, usishone mpaka mwisho wa kitambaa, ndo pembe zitakaa sawa. Uzi wa pamba, urefu sentimita 45 hivi, ukizidisha unajifunga mafundo na unachakaa kwa kupita kwenye kitambaa.

Na hili la kusahau ulipofika, kwangu ndo kubwa kuliko yote. Panga viraka vyote chini au kitandani kama vitakavyokaa, piga picha kwa simu, afu kila bloku, yaani viraka vinavyoungana kuwa kipande kimoja kikubwa, iingie kwenye kimfuko chake na kikaratasi chenye namba ya mstari na nafasi yake. Beba mifuko michache tu, iliyobaki iache nyumbani, begi likipotea kwilti haijapotea yote. Na siku ya kuondoka usiishie kwenye mshono uliokamilika, acha jozi inayofuata imeshapigwa pini kabisa pembeni ya cherehani. Ukirudi unakaa unakanyaga mashine, hufikirii.

MamaViraka:
Jamani asanteni, hiyo ya picha na mifuko nafanya leo. Mkasi kwenye ndege je? Na mistari naweza kuchora kwa zile kalamu zinazofutika kwa pasi?

kingo_na_pindo:
Sindano kwa kawaida haina shida. Mkasi unategemea unapopandia: Marekani makali yawe chini ya inchi 4 kupima toka kwenye skrubu, Uingereza na Ulaya yasizidi sentimita 6, ila anayekagua ana neno la mwisho kwa hiyo usibebe ule mkasi unaoupenda. Kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa kiende kwenye begi la chini, mkononi watakichukua.

Kalamu ya kufutika kwa joto mi siikubali kwenye zawadi ya harusi. Wino wake pasi inauficha tu, kitambaa kikipata baridi kali mistari inaweza kurudi. Ile ya bluu ya kufutika kwa maji nayo ukiipiga pasi kabla hujaiosha doa linaweza kugoma kabisa. Penseli, tena kwa wepesi, inatosha. Pasi ya hoteli ijaribu kwanza kwenye taulo, nyingine zinatema maji ya kutu, na kama huiamini laza mshono kwa ukucha, pasi ya kweli utapiga nyumbani. Halafu beba taa ndogo ya kuchaji, taa za vyumbani ni hafifu na kitambaa cheusi usiku kinaumiza macho.

MamaViraka:
Nimeelewa, penseli basi. Nimeamua viraka vya binti vije kwanza, ila pembe sita zimenivutia, nataka nimshonee mito ya kufanana. Karatasi ya printa inafaa?

uzi_na_sindano:
Inalegea mapema dada, pembe zinakuwa butu. Tumia ngumu kidogo, hata kadi za mwaliko zitakazobaki. Na bandi usiivute sana, ukiitoa taratibu karatasi hiyohiyo unaitumia tena na tena.