Gari linazima njiani likishapata moto, haliwaki mpaka lipoe

Bi Nguru wa Deep Sea
Asalaam alaykum jamani. Nina gari dogo la petroli, cc 1500, otomatiki. Nabebea samaki: alfajiri nipo soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, nagombea bei, saa mbili natakiwa niwe Muheza sokoni. Wiki ya tatu hii linaniumbua. Nikitoka mjini halina neno. Nikikaribia Pongwe linakata ghafla, kama mtu kazima swichi. Selfu inapiga kwa nguvu zote, haliwaki. Nafungua boneti, nakaa chini ya mwembe, baada ya nusu saa linawaka kama si lile. Juzi vibua vimelegea ndani ya boksi nikauza kwa bei ya kutupa.

Fundi wa kwanza kabadilisha plagi zote 4. Wa pili kaweka koili moja na filta ya hewa. Shilingi 210,000 zimekwenda. Limepimwa kwa mashine, halikuonyesha kosa. Halafu asubuhi nalo ni gumu, selfu mara tatu, nne ndipo lishike. Sasa naambiwa ninunue pampu ya mafuta. Ninunue?

Mpwa wa Chumbageni
Shikamoo mama. Tanga ni waja leo waondoka leo, lako limekuwa waondoka leo walala Pongwe! Mimi nasema pampu. Kwani unaweka mafuta ya elfu kumi kumi, taa ya njano inawaka muda wote? Pampu inakaa ndani ya tangi na inapozwa na mafuta hayo hayo. Tangi likiwa tupu inachemka, inachoka.

Bi Nguru wa Deep Sea
Marahaba mwanangu. Hilo la elfu kumi umenipata. Mtaji wa samaki unajua mwenyewe.

Fundi Waya, Barabara ya 12
Dada, usinunue kitu. Umeshanunulia watu wawili kubahatisha kwao, inatosha.

Umesema linakata ghafla. Mafuta yakipungua gari kwa kawaida linakwambia kwanza: linakosa nguvu, linasitasita, ndipo linazima. Kukata kama swichi ni umeme mara nyingi, na kinachokufa kwa moto kikafufuka kwa ubaridi, mimi hushuku kwanza sensa ya krenki, kile kifaa kinachosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Ndani yake mna waya mwembamba kama unywele. Ukipata ufa, joto linautanua, unaachana. Ukipoa unagusana tena. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, ikikosa habari za krenki haitoi cheche wala haifungui nozeli za kupulizia mafuta, hata selfu ipige hadi betri ife. Na mashine kusoma safi si ushahidi, maana ulilipeleka likiwa zima! Mgonjwa hupimwa homa ikiwa imepanda.

Basi likikugomea tena, kabla ya kukimbilia mwembe, fanya haya. Weka swichi ON bila kupiga selfu, utege sikio kiti cha nyuma: kwenye magari mengi pampu nzima inavuma kama sekunde mbili, kisha inanyamaza. Halafu piga selfu ukiutazama mshale wa RPM. Kwenye magari mengi unanyanyuka kidogo. Ukilala sifuri kabisa huku injini inazunguka, mara nyingi ni sensa hiyo.

Na wewe una barafu, bahati iliyoje. Zima swichi, loweka kitambaa maji ya barafu, ukibandike kwenye sensa, mara nyingi iko karibu na puli ya krenki upande wa mkanda. Mwambie fundi akuonyeshe ilipo kabla ya safari. Usimwagie injini maji, na ekzosi usiiguse.

Ugumu wa asubuhi usiuchanganye na huu, huenda ni ugonjwa mwingine. Washa swichi sekunde mbili, zima, rudia mara 3, ndipo upige selfu. Likishika papo hapo, presha ya mafuta inashuka usiku: vali ya pampu haishiki, au nozeli inavuja.

Mpwa wa Chumbageni
Mzee, na relei ya pampu je, ile swichi inayoipelekea umeme? Nayo hukata ikipata moto.

Fundi Waya, Barabara ya 12
Ndiyo, kijana. Ndiyo maana nimemwambia asikilize pampu kwanza.

Bi Nguru wa Deep Sea
Nimerudi. Jumanne likagoma, safari hii kabla hata ya Pongwe. Pampu nikaisikia, vuu, ikanyamaza. Mshale haukunyanyuka hata unywele. Nikachukua kanga ya zamani, nikailoweka maji ya samaki (nilikuwa na yapi mengine?), nikambana huyo sensa. Dakika tano, likawaka! Bodaboda waliosimama kunicheka ndio walionisukumia maboksi ndani.

Sensa nimeweka mpya, 65,000 pamoja na ufundi. Soketi yake ilikuwa na kutu ya kijani, fundi kaisafisha. Leo siku ya tisa, Muheza naenda na kurudi, na Korogwe nimeshafika mara moja.

Asubuhi ile ya mara 3 inafanya kazi, kwa hiyo kesi ni ya pampu au nozeli. Nayo itasubiri. Kusi likiisha tutazungumza.

Fundi Waya, Barabara ya 12
Hiyo soketi ifutwe vizuri tena kwa maji matamu, dada. Umeiosha kwa chumvi.

Bi Nguru wa Deep Sea
Wallahi hilo sikuliwaza. Naenda sasa hivi.