Nimefungiwa rejeta ya manyuo kwenye Altezza ya auto, gia boksi imeungulia Kitonga

Wakuu, kwema? Kwangu si kwema. Naandika na hasira, mtanisamehe lugha.

Nina Toyota Altezza RS200, auto ya gia tano, yaani inabadilisha gia yenyewe, siyo manyuo ya kubadilisha kwa mkono. Foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, AC imewashwa, mshale wa temperecha ulikuwa unapanda. Rejeta ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, matangi ya plastiki, la juu limeshapata ufa. Nikasema nisiweke mtumba mwingine, niweke kitu cha maana: alumini tupu, nene, matangi ya kuchomelea. Nikaenda duka moja Kariakoo. Nilimwambia muuzaji mara mbili, Altezza ya AUTO. Akanijibu, "Bosi, hii ndiyo wanayofunga wenye gari za mashindano." Laki tano na nusu ikanitoka.

Gari za mashindano! Nyingi si ni manyuo? Rejeta ya manyuo kazi yake ni kupoza maji ya injini, basi. Ya auto kama hii yangu ina rejeta nyingine ndogo imefichwa ndani ya tangi la chini, na kwa nje ina vichwa viwili vya kuchomekea mipira. Mafuta ya gia boksi yanaingia kimoja, yanapozwa, yanarudi kwa kingine. Hii niliyouziwa haina hivyo vichwa. Na fundi aliyenifungia aliona, asinidanganye, maana mipira miwili ilimbaki mkononi! Badala ya kunipigia aseme "kaka, mzigo siyo huu", akachukua kipande cha mpira, akaunganisha bomba la kutoka na la kurudi, akakaza klempu mbili, akarudisha bampa. Mafuta yanatoka gia boksi ya moto, yanapiga kona, yanarudi humohumo na moto wake.

Kinachoniuma, mjini nilifurahi. Mshale ulitulia palepale chini ya nusu hata kwenye foleni. Fundi nilimnunulia na soda. Kumbe ule mshale unasoma maji ya injini tu. Gia boksi ichemke kama supu ya makongoro, wenyewe hausemi kitu.

Wiki iliyopita tukasafiri, mimi, mama watoto na mtoto wetu mdogo. Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, tukakuta malori mbele, tunapanda kilomita 15 kwa saa. Hapo ndipo tokikonveta, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi, inapoteseka: injini inazunguka, matairi yanasuasua, tofauti yote inageuka joto ndani ya mafuta. Gari ikaanza kuchelewa kushika. Nakanyaga, mzunguko unafika 4,000, gari haiendi. Halafu harufu. Nikaweka mawe nyuma ya matairi, mama watoto kasimama ukingoni kambeba mtoto, malori yanapita hatua mbili kutoka tulipo. Na mshale? Chini ya nusu, umetulia.

Tukavutwa hadi Iringa. Mzee mmoja wa gereji akafungua nati ya chini. Mafuta ya gia boksi hii, ya T-IV, yakiwa mazima ni mekundu. Kilichomwagika kwenye beseni kilikuwa cheusi kama kahawa ya kijiweni, na chini kumetuama unga wa klachi za ndani ya gia boksi. Akaingia uvunguni, nikamsikia anacheka. "Mwanangu, njoo uone ulichofanyiwa." Gia boksi ya mtumba milioni moja na laki nane, ufundi bado.

Nikapiga dukani: "Mali ikishauzwa hairudishwi, soma risiti." Nikampigia fundi: "Bosi, utakuwa uliendesha vibaya." Niliendesha vibaya! Kitonga inapandwaje, kwa kurudi nyuma?

Wenye auto mnaotamani alumini, kabla hujatoa hela igeuze hiyo rejeta, pitisha mkono tangi la chini, au la pembeni kama matangi yake yako pembeni. Kama hakuna vichwa viwili, iache dukani. Au kama umeipenda sana, nunua kipozea mafuta cha kujitegemea kifungwe mbele yake, mabomba ya gia boksi yapite huko. Yule mzee anasema hata mwenye rejeta sahihi akikiongeza hakosei kwa milima yetu. Nimemwachia gari afunge hicho hicho.

Aliyewahi kudai duka la spea akalipwa aniambie alianzia wapi. Kile kipande cha mpira nimerudi nacho kwenye basi, kiko hapa mezani, klempu zote mbili bado ziko juu yake. Jumatatu saa mbili nakuwa Kariakoo.